Maswali ya wasomaji: Kopa (shaba) ya mashine inaisha chap

SWALI: Shikamoo mkuu. Niko maabara moja hapa Dodoma, tunapima protini ya mashudu ya alizeti kwa ile mashine ya kuchoma sampuli na kupima naitrojeni yake. Siku hizi tyubu ya kopa haidumu kabisa na majibu ya naitrojeni yanapanda tu, bosi anasema tumeuziwa feki. Kuna fundi wa kurewaindi mota ana waya za kopa kibao, si tununue kwake tu?

JIBU: Marahaba kijana. Kabla hamjamshika muuzaji angalieni dozi ya oksijeni, maana kazi ya ile kopa ni kukamata oksijeni iliyobaki sampuli ikishaungua na kugeuza oksaidi za naitrojeni ziwe naitrojeni ya kawaida, ikiwa kwenye joto la kama nyuzi 600 mpaka 650. Kila lita ya oksijeni inayobaki inakula kama gramu 5.7 za kopa, hiyo ni hesabu ya kemia haina ubishi. Sasa mtu akiongeza dozi "kwa usalama" na kila sampuli ikaacha mililita 100 za ziada, sampuli 100 zishakula gramu 57, tyubu imekwisha na hakuna aliyewaibia.

Kopa ikichoka, oksijeni inapita mpaka kwenye ditekta, yaani kipimio cha gesi, na inahesabiwa kama naitrojeni. Naitrojeni ikipanda kwa asilimia 0.4 tu, ukizidisha kwa 6.25 kupata protini, protini imeshapanda asilimia 2.5, mteja anafurahi bure. Pimeni asetanilaidi, kemikali ya kuhakiki mashine, inatakiwa isome naitrojeni asilimia 10.36, ikipanda kila siku kidogo kidogo basi kopa inaaga. Au tyubu ikipoa itazameni, weusi unaanza upande gesi inapoingilia na kusogea mbele, msisubiri ufike mwisho.

Waya wa mota hapana. Ule umepakwa vanishi, ikipata moto inatoa kaboni na kuwaharibia majibu, na hata mkiikwangua yote waya wenyewe mnene, eneo la kukutana na gesi ni dogo. Mwacheni fundi na mota zake.

SWALI: Habari za kazi. Mzigo wetu wa kopa umeshuka stendi ya Nanenane na basi la Dar, chupa moja kubwa. Tuitunzeje mvua hizi?

JIBU: Nzuri. Mmeshanunua, ila safari ijayo ombeni ampuli ndogo za glasi zilizozibwa, kila moja ya kujaza tyubu moja, maana chupa kubwa kila ukifungua hewa na unyevu vinaingia na ile ya chini inakuja kutumika ikiwa imeshafifia rangi. Hiyo mliyonayo igawanyeni leo leo kwenye chupa ndogo kavu zenye kifuniko cha kubana, andikeni tarehe, ziwekeni kwenye desiketa, chombo cha kutunzia vitu vikavu, yenye silika jeli ya kunyonya unyevu. Silika ikibadilika rangi ikausheni kwenye oveni, watu wanaiacha hivyo hivyo mwaka mzima. Na tafadhali isikae kabati moja na asidi ya haidrokloriki wala amonia, mvuke wake unaila kopa hata chupa ikiwa imefungwa vibaya kidogo tu. Mkishajaza tyubu pitisheni heliamu kwanza hewa yote itoke ndiyo muwashe joto, la sivyo kopa inaliwa kabla ya sampuli ya kwanza.

SWALI: Tumeagiza waya za kopa zimekuja nyeusi. Mwenzangu anasema tuzipitishie haidrojeni zirudi nyekundu.

JIBU: Mmeletewa kopa oksaidi, hiyo ni bidhaa nyingine kabisa, kuna mashine zinaitumia kwenye tyubu ya kuchomea. Kweli haidrojeni inaweza kuzirudisha, lakini ikichanganyika na hewa kuanzia asilimia 4 inalipuka, na kama hamna mitambo ya kazi hiyo msithubutu. Someni profoma yenu (ankara ya awali) vizuri, kama iliandikwa "waya za kopa" tu kosa si la muuzaji. Mkiagiza tena kwenye NeST, ule mfumo wa manunuzi ya serikali, andikeni kopa iliyoondolewa oksijeni, usafi wake, na namba ya spea kama ilivyo kwenye kitabu cha mashine.