Pingili hazikuhama, kwa hiyo hakuna cha kurudisha

SWALI: Daktari, nina miaka 36 na kazi yangu ni ya kukaa mbele ya kompyuta kutwa nzima. Huu ni mwezi wa nne kiuno kinaniuma, hasa asubuhi. Picha ilionyesha pingili zimeanza kusagika. Mtu mmoja anayekanda viungo akaniambia pingili mbili zimehama. Alipozirudisha zilialika, nikapata nafuu, lakini baada ya siku tatu maumivu yakarudi. Anataka niende kila wiki. Sasa navaa mkanda, nalala sakafuni na najilazimisha kukaa wima muda wote. Nifanye nini tena ili nisiuharibu mgongo?

JIBU: Nianzie kwa hizo pingili zilizorudishwa, maana karibu kila mgonjwa wa kiuno huniletea habari hiyo, na wengine wamekwisha kuilipia kwa miaka.

Ndugu yangu, pingili zako hazikuhama. Kila pingili imeshikana na mwenzake kwa diski (kile kimto kilicho kati ya pingili na pingili) upande wa mbele, viungo vidogo viwili upande wa nyuma, kano ngumu zinazopita urefu wa uti, kisha misuli juu ya hayo yote. Kuitoa mahali pake kwa ghafla kunahitaji nguvu ya ajali ya gari au kuanguka kutoka juu. Ipo hali ya pingili moja kusogea mbele taratibu juu ya iliyo chini yake, lakini hiyo huonekana kwenye eksirei, na hakuna mkono wa kuisukuma ikarudi. Diski nayo hairudishwi kwa kidole gumba. Sehemu yake ya ndani inaweza kutokeza nje na kubana neva, na mara nyingi mwili wenyewe huinyonya kadiri miezi inavyopita.

Kilichoalika ni nini basi? Ndani ya vile viungo vidogo mna ute wenye gesi iliyoyeyuka. Kiungo kikivutwa ghafla, shinikizo hushuka, gesi hujitenga ikawa kiputo, nawe unasikia mlio. Ni mlio ule ule wa kualisha vidole. Nafuu uliyoipata ni ya kweli, kwani kukandwa hulegeza misuli iliyokaza na kutuliza maumivu kwa muda. Maelezo uliyopewa ndiyo ya uongo, na yana madhara. Mtu akishaamini kwamba mifupa yake huchomoka, huanza kujilinda. Namwona anavyoinuka kitini: anabana pumzi, anashika mapaja kwa mikono miwili, mgongo umekakamaa, anapanda kidogo kidogo hadi asimame. Misuli hiyo haipumziki kutwa, jioni inauma, naye anaambiwa pingili zimehama tena.

Habari ya kusagika nayo isikunyime usingizi. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikusanya picha za migongo ya watu zaidi ya 3,000 wasio na maumivu: asilimia 37 ya wenye miaka 20 walikuwa na diski zilizochakaa, na asilimia 80 ya wenye miaka 50. Katika umri wako, zaidi ya nusu ya watu wasioumwa popote wana picha kama yako.

Kukaa wima muda wote ndiko kunakokuchosha. Diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu ndani yake. Chakula chake hupenya kutoka kwenye mifupa ya juu na chini, na mwendo husaidia maji kuingia na kutoka. Mkao wowote ukiushikilia saa mbili, hata ule mzuri, mgongo utalalamika. Egemea, jikunje, badilisha upande, inuka kila nusu saa hata kwa dakika moja, pokea simu ukitembea. Tembea kwa kasi kila siku, na mara mbili kwa wiki fanya mazoezi ya kuimarisha misuli ya mgongo, tumbo na makalio. Ukibeba mzigo, uweke karibu na mwili. Mkanda uache taratibu: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unashauri usitumike. Sakafuni si lazima, godoro la ugumu wa wastani linatosha.

Kuhusu asubuhi: usiku diski hunywa maji na kuvimba, ndiyo maana mtu huamka akiwa mrefu kidogo kuliko alivyolala. Nusu saa ya kwanza usiiname sana wala kuinua kitu kizito. Lakini jichunguze. Kama ukakamavu unadumu zaidi ya nusu saa, unapungua ukitembea na kuzidi ukipumzika, na maumivu yanakuamsha usiku wa manane, mwone daktari akupime ugonjwa wa uvimbe wa viungo vya uti wa mgongo. Huanza kwa watu wa umri wako, na hauna uhusiano na kukaa vibaya.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Huyo aliyekukanda alikuuliza swali lolote kati ya hayo? Anayebonyeza kabla ya kuuliza hawezi kujua kama chini ya vidole vyake kuna kifua kikuu kilichokula pingili, saratani iliyosambaa, au mifupa ya mzee iliyodhoofika inayoweza kuvunjika kwa mkandamizo wake. Shingo ndiyo usimpe kabisa mtu wa namna hiyo aizungushe: mishipa ya damu iendayo kwenye ubongo hupita ndani ya matundu ya pingili za shingo, na ukichanika mmoja unaweza kuleta kiharusi.

Maumivu ya mgongo yakiambatana na homa, kukonda bila sababu, au yakianza baada ya kuanguka, usikandwe, nenda ukapimwe. Na ukipata ganzi kati ya mapaja na sehemu za siri, mkojo ukaziba au ukatoka bila kujijua, au miguu yote miwili ikaishiwa nguvu, neva za mwisho wa uti huenda zimebanwa. Hiyo ni dharura ya upasuaji. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.