Je, "Mimi" Imetoka Kwenye Kilatini?

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Ninasoma kidato cha sita. Mwalimu wetu wa twisheni anasema Kilatini ndicho mama wa lugha zote za Ulaya, Kiingereza kikiwamo, na kwamba hata Kiswahili ni mtoto wake kwa kuwa "meza" ni mensa na "mimi" ni mihi. Je, ni kweli?

JIBU: Marahaba. "Meza" ni kweli, "mimi" si kweli, na kuyachanganya hayo mawili ni kosa ninaloletewa karibu kila wiki.

"Meza" tuliipata kwa Wareno, waliofika pwani yetu mwaka 1498 na ambao mesa yao imerithiwa kutoka mensa. "Mvinyo" ilipita njia hiyohiyo. "Kasri" ilizunguka zaidi, kwani ni castrum, ngome ya askari wa Roma, iliyotufikia kupitia Kiarabu. Hayo ni maneno ya mkopo, na mkopo haufanyi undugu. "Mimi" hatukuikopa popote: ni "mi" iliyorudiwa, na Wazulu, ambao lugha yao ni ya Kibantu kama yetu ingawa wako mbali nasi, husema mina.

Kiingereza nacho si mtoto wa Kilatini. Kilatini kilianza kama lugha ya watu wa Latium, eneo dogo kando ya mto Tiber, na watoto wake ni Kiitaliano, Kihispania, Kireno, Kifaransa, Kiromania na wenzao. Kiingereza ni cha ukoo mmoja na Kijerumani, na ukoo huo na Kilatini vimetokana na lugha moja ya kale zaidi, kwa hiyo ni ndugu wa mbali wa Kilatini, kilichojazwa maneno ya Kilatini na Kifaransa hasa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066.

Undugu huo haukugunduliwa kwa kutazama maneno yanayofanana, na hapa ndipo wauzaji wa vijitabu vya "asili ya maneno" wanaponichosha. Ulithibitishwa kwa sauti zinazopishana kwa utaratibu: p ya Kilatini husimama mahali pa f ya Kiingereza, kama pater na father, piscis na fish, c husimama mahali pa h, kama cornu na horn, centum na hundred. Kwa utaratibu huo, have ya Kiingereza ni ndugu wa capere, "kushika", wala si wa habere, "kuwa na", ingawa hiyo ya pili inafanana nayo kwa sauti na kwa maana pia. Mfanano uliowadanganya wengi ni wa bahati tu.

Kwa mbinu hiyohiyo ya kuokoteza maneno, watu huuziwa nasaba za makabila yao, zikiwafikisha Roma, Misri au Yerusalemu kwa maneno matano, na vijana huzikariri kama historia. Lugha mbili zozote duniani zitatoa maneno matano ya namna hiyo kwa mtu mwenye subira ya kupekua kamusi. Mwombe basi mwalimu wako, kwa heshima, akuonyeshe maneno mengine kumi ambamo h ya Kilatini imegeuka kuwa m ya Kiswahili.