Muulize Fundi: Nani ana ruhusa ya kutuma kazi kwenye kompyuta yako?

Mwezi huu barua nyingi zimeangukia sehemu moja, zile programu zinazokopa nguvu ya kompyuta yako wakati huitumii ili zifanye hesabu za kisayansi za watu wengine. Nimezibana hapa zinazogusa wengi.

SWALI: Fundi habari za kazi. Nilisoma kuhusu BOINC, moja ya hizo programu za kukopesha nguvu ya kompyuta, nikaipenda, nikaiweka, muda si mrefu antivairasi ikapiga kelele eti kuna programu ya kuchimba sarafu za mtandaoni. Rafiki yangu anasema hizi zote ni virusi tu vimevalishwa koti la sayansi. Nifute ama nibaki nayo? – Mwenye Wasiwasi

JIBU: Kwanza usimcheke antivairasi, ana sababu ya kushtuka. Ukiangalia kwa nje tu, mchimba sarafu na programu ya sayansi ni mapacha, zote zinakamua prosesa masaa na masaa, zote zinashusha mafaili toka intaneti na kuyaendesha bila kukuuliza kila mara. Tofauti yao iko kwenye vitu viwili, kama wewe mwenyewe umeridhia, na kama kilichoingia ndo kile ulichoridhia.

BOINC yenyewe sio ya kificho, ilianza kutengenezwa 2002 pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwa watu walewale waliotoka kwenye SETI@home ya mwaka 1999, ule mradi wa kutafuta dalili za viumbe wa anga za mbali kwa kompyuta za watu, na msimbo wake uko wazi mtu yeyote ausome. Ila msimbo kuwa wazi haina maana kwamba faili ulilodaunlodi ndo limetoka kwenye msimbo huo, hapo ndo wengi wanaingizwa mjini. Ulilitoa wapi? Kama ni tovuti ya mradi wenyewe sawa, kama ni tovuti fulani yenye vitufe kumi vya kudaunlodi basi futa leo leo. Halafu tazama antivairasi imetaja faili gani. Miradi uliyojiunga nayo, kila mmoja una folda lake ndani ya folda la data la BOINC na jina la folda linatokana na anwani ya mradi, kwa hiyo utajua ni mradi upi unaolalamikiwa. Faili likiwa limekaa nje kabisa ya hapo, mfano kwenye folda la vitu vya muda, hilo silo la kwako. Na tafadhali usiiambie antivairasi ifumbie macho folda zima kabla hujajua ni nini, naona watu wanafanya hivyo kila siku.

SWALI: Shikamoo fundi. Sisi ni timu ya watu watatu tumeandika programu yetu wenyewe, seva inagawa vipande vya kazi, kompyuta za waliojitolea zinakokotoa na kurudisha majibu. Tunataka kufungua beta, yaani toleo la majaribio. Usalama tumekagua, tumeweka HTTPS kila mahali na pasiwedi hazihifadhiwi wazi. Kuna kingine au tufungue tu? – Watatu

JIBU: Marahaba. Msifungue bado.

HTTPS inaficha data ikiwa njiani tu, haimlindi mtu dhidi ya seva yenu. Programu yenu ni mpangaji ambaye ana ruhusa ya kuleta wageni usiku bila kubisha hodi, kila kipande cha kazi kinakuja na programu ya kukiendesha, na siku seva yenu ikidukuliwa mdukuzi hapati seva moja, anapata kompyuta za watu wote waliowaamini kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo swali la kwanza la ukaguzi ni hili, mtu akiishika seva yote mkononi, anaweza kusukuma programu yake kwa watu? Kama jibu ni ndio, hayo mengine yote ni mapambo.

BOINC walilijibu kwa saini ya kidijitali. Kila mradi una jozi ya funguo, ule wa umma anakuwa nao mteja, yaani ile programu iliyo kwenye kompyuta ya aliyejitolea, ule wa siri wanashauriwa ukae kwenye kompyuta isiyounganishwa na mtandao kabisa. Programu mpya inabebwa kwa mkono hadi kule, inasainiwa, inarudishwa, na mteja akiona saini haikubali anakataa kuiendesha hata kama imetoka kwenye seva halisi. Inachosha, najua, na ndo maana kuna miradi inaacha ufunguo wa siri ukae kwenye seva hiyohiyo ili wasipate tabu, yaani wamenunua kufuli wakaacha ufunguo umening'inia mlangoni. Nyinyi watatu amueni leo ufunguo unakaa wapi, nani anaushika, na mkiupoteza au ukiibiwa mtawabadilishia vipi watu ambao tayari wana ule wa zamani. Hili la kubadilisha ndo linasahauliwa mpaka siku ya msiba.

Baada ya hapo shukeni chini kwenye vitu vidogo vidogo. Seva ikisema "hifadhi faili hili kwa jina fulani", je mteja wenu anakubali jina lenye nukta mbili na mkwaju (../) ndani yake? Kama anakubali basi faili linaweza kutoroka nje ya folda lake likakaa popote. Programu ya kazi inaendeshwa na mtumiaji gani, mwenye haki za adimini, yaani msimamizi wa kompyuta nzima? Isiwe hivyo kamwe. Kwenye Linux BOINC kwa kawaida hukaa chini ya mtumiaji wake maalum, kwenye Mac pia kuna watumiaji maalum wanaotengenezwa kwa kazi hiyo, na kwenye Windows unaweza kuiweka iendeshwe kama huduma, yaani nyuma ya pazia, chini ya akaunti yenye haki finyu, ila ukichagua hivyo unapoteza kadi ya grafiksi, hakuna cha bure. Folda la data, nani anaweza kuandika humo? Maana kama kila mtu wa kwenye kompyuta anaweza kubadilisha faili ambalo baadae litaendeshwa na akaunti yenye nguvu, mmewapandisha watu cheo bila kujua.

Mlango wa ndani nao. Programu nyingi za aina hii zina sehemu mbili, ile inayofanya kazi kimyakimya na ile yenye vitufe, na zinaongea kupitia poti, yaani mlango wenye namba ndani ya kompyuta. BOINC inatumia 31416, ambazo ni namba za pai hizo, wanahesabu wana utani wao. Poti hiyo kwa kawaida inasikiliza kompyuta yenyewe tu na inadai pasiwedi. Ya kwenu je? Jaribuni kutoka kompyuta nyingine kwenye waifai moja, msikisie.

Na kile kinachosoma ujumbe toka seva, kama mmekiandika kwa lugha ya C++ basi mlisheni takataka, mafaili yaliyokatwa katikati, namba hasi pale inapotegemewa chanya, majina marefu kupita kiasi, acheni mashine izizalishe zenyewe usiku kucha ikipiga maelfu kwa maelfu. Kila inapoanguka hapo kuna kitu cha kutazama.

Upande wa pili, msiwaamini waliojitolea. Inasikika vibaya lakini ndo ilivyo. SETI@home ilikutana nayo mapema tu, kulikuwa na ubao wa pointi, na pakiwa na ubao wa pointi hawakosekani wa kutengeneza programu yao ya kurudisha majibu ya uongo haraka haraka wapande juu. Dawa iliyozoeleka ni kuwapa watu zaidi ya mmoja kazi ileile na kukubali jibu majibu yao yakilingana. Sasa hapa kuna mtego, prosesa tofauti zinaweza kutoa desimali zinazopishana kidogo mwishoni bila mtu kudanganya, kwa hiyo ama mnalinganisha kwa kuruhusu tofauti ndogo, ama nakala za kazi moja mnazituma kwa kompyuta za aina moja tu. Na mtu ambaye majibu yake yamekuwa sahihi kwa muda mrefu mnaweza kumpunguzia ukaguzi, mkawa mnamshtukiza mara mojamoja.

Wekeni pia kikomo cha ukubwa wa faili mnalopokea, asije mtu akawajazia diski ya seva mkalala.

SWALI: Mimi nimejiunga kujaribu beta ya programu kama hizi, sasa inaenda vizuri tu, sina cha kuripoti. Najiona situmiki. Nifanyeje? – Mjaribu

JIBU: Wewe unaitumia, kaka, hujaijaribu. Beta inataka mtu mkorofi. Kipande cha kazi kikifika katikati izime kompyuta kwa nguvu, ukiwasha tazama kama kazi imeendelea ilipoishia au imeanza sifuri. Ilaze kompyuta iamshe. Chomoa chaja uone kama inaacha kufanya kazi kwenye betri kama ulivyoiagiza. Zima intaneti wakati inarudisha majibu, jaza diski mpaka ibaki kidogo, rudisha saa nyuma siku moja, fungua akaunti ya pili kwenye kompyuta hiyohiyo uone inachanganyikiwa vipi. Weka toleo jipya juu ya la zamani bila kufuta, maana ndivyo watu wa kawaida wanavyofanya, halafu ondoa kabisa uangalie imeacha nini nyuma. Hili la mwisho hakuna anayelijaribu na ndo linalowaudhi watu.

Ukiripoti, "haifanyi kazi" sio ripoti. Namba ya toleo, mfumo wa kompyuta, ulifanya nini kwa mpangilio, ulitegemea nini, ukapata nini, na kipande cha logi, ile kumbukumbu ya matukio inayoandikwa na programu, cha dakika zile. Ila kabla ya kutuma logi isome, mara nyingi ina jina la kompyuta yako, anwani ya mtandao, hata funguo za akaunti wakati mwingine. Na usijaribie kwenye kompyuta yenye kazi zako za maana. Miradi mikubwa inatenga kabisa, Rosetta@home ya Chuo Kikuu cha Washington ina mradi wa pembeni unaitwa Ralph@home kwa ajili ya matoleo mapya tu.

SWALI: Nimegundua tundu la usalama, naweza kuingia akaunti ya mtu mwingine. Niliweke hadharani ili warekebishe haraka? – Jina kapuni

JIBU: Hapana. Waandikie faragha, tafuta kama wana anwani ya usalama au faili la maelekezo ya usalama kwenye msimbo wao, toa hatua za kulirudia na uwape muda. Siku 90 ndo muda ambao wengi wameuzoea, timu ya Project Zero ya Google, wale wanaotafuta matundu ya usalama, wanautumia huo. Wakikaa kimya mpaka muda ukaisha hapo unaweza kusema. Na umejaribu kwa akaunti yako ya pili, sio ya mtu, au sio?

SWALI: Ofisini kwetu kompyuta zinalala usiku zote zimewashwa, mimi ndo adimini. Naziwekea zote programu hizi, nani atajua? – Bingwa wa IT

JIBU: Watajua, bili ya umeme itawaambia. Marekani jimbo la Georgia kuna adimini wa chuo cha ufundi aliweka programu ya distributed.net, nayo ni ya kukopesha nguvu ya kompyuta, kwenye kompyuta za chuo bila ruhusa ya maandishi, akashtakiwa kwa makosa ya jinai, na kesi ikaisha 2002 kwa makubaliano ya faini na muda wa kuwa chini ya uangalizi. Nguvu ya kompyuta sio yako kuigawa kisa nenosiri unalo wewe. Andika barua kwa bosi, eleza umeme, eleza usalama, akisaini weka.

SWALI: Feni ya laptopu inapanda inashuka inapanda inashuka, nimeiweka BOINC itumie asilimia 50 ya muda wa prosesa. Imeharibika? – Mama Feni

JIBU: Haijaharibika mama. Kikomo hicho kinafanya kazi kwa kuisimamisha na kuiachia kwa zamu, ikiachiwa inakimbia kwa nguvu zote, ndo feni inacheza. Rudisha muda uwe asilimia 100 halafu punguza idadi ya prosesa inazoruhusiwa kutumia, kama unazo nane mpe nne. Itatulia.