RIP, OSPF au BGP? Uliza kwanza inahesabu nini

RIP, OSPF na BGP ni itifaki, yaani kanuni ambazo ruta (vifaa vinavyopitisha data kati ya mitandao) hutumia kupeana habari na kuchagua njia. Miaka kadhaa nyuma niliitwa kwenye kampuni moja yenye makao makuu, ghala na tawi. Malalamiko yalikuwa kwamba tawini mfumo wa mauzo unasuasua kila ifikapo saa tatu asubuhi. Faiba ya megabiti 100 ilikuwa imeshavutwa kutoka makao makuu hadi ghalani, na kutoka ghalani hadi tawini. Redio ya zamani ya megabiti 10, iliyorusha data moja kwa moja kutoka makao makuu hadi tawini, iliachwa iwe akiba. Nilipoingia kwenye ruta nikakuta faiba imelala doro na redio imeelemewa.

Kumbe walikuwa wanatumia RIP. Itifaki hii huhesabu ruta za kupita, basi. Kwa redio ni hatua moja, kwa kupitia ghalani ni mbili, redio imeshinda. Kasi haiihusu.

Nikahamisha kila kitu kwenda OSPF, nikiwa na uhakika wa kurudi nyumbani mapema. OSPF huipa kila laini gharama kulingana na kasi: kwenye ruta za Cisco, ukiacha mipangilio ya kiwandani, ni 100 kugawanya kwa megabiti za laini. Redio ingepata 10, faiba mbili zingepata 1 na 1, jumla 2. Nikaangalia jedwali la njia: bado redio!

Nilikaa nayo karibu saa nzima. Antena inaingia kwenye ruta kwa waya wa kawaida, kwenye mlango wa megabiti 100. Ruta inauona mlango. Kinachotokea hewani haina habari nacho. Kwa hiyo redio nayo ilipewa 1, na 1 ni ndogo kuliko 2. Nikaandika gharama 10 kwa mkono kwenye mlango wa redio, pande zote mbili. Ukisahau upande mmoja, data itakwenda kwa faiba na kurudi kwa redio, na utatafuta mchawi siku nzima. Na kama una laini za gigabiti, pandisha ile 100 inayogawanywa, kwenye ruta zote, la sivyo gigabiti na megabiti 100 zitahesabiwa sawa.

Njia za kuandika kwa mkono, ambapo wewe mwenyewe unaiambia ruta ipite wapi, sizidharau. Duka lenye laini moja ya kutokea halihitaji itifaki yoyote. Ila ukishakuwa na njia mbili, kumbuka jambo hili: uzi wa faiba ukikatika katikati ya vigeuzi viwili (visanduku vinavyogeuza mwanga wa faiba kuwa umeme wa waya wa ruta), taa ya mlango wa ruta mara nyingi hubaki inawaka. Njia ya mkono itaendelea kutupa pakiti (vipande vya data) shimoni mpaka mtu apige simu. RIP itasubiri sekunde 180. OSPF, kwa salamu zake za kila sekunde 10, itamhesabu jirani amekufa baada ya 40, na unaweza kuzipunguza.

EIGRP, itifaki nyingine iliyobuniwa na Cisco, ni nzuri na ina wepesi wake wa kubadili njia, lakini imebaki kuwa ya Cisco, ingawa wenyewe waliifungua mwaka 2013. Ukichanganya na ruta za MikroTik, kama wengi wetu tunavyofanya kwa sababu ya bajeti, isahau.

BGP, itifaki ya kupeana njia kati ya mitandao ya mashirika tofauti kwenye intaneti, iache mpaka uwe na watoa huduma wa intaneti wawili na anwani zako mwenyewe kutoka AFRINIC, shirika linalogawa anwani za intaneti Afrika. Hapo huchagui tena kwa kasi, unachagua kwa makubaliano. Na weka vichujio vya njia kabla ya kutangaza chochote, yaani kabla ya kuwaambia wengine anwani zipi zinafikika kupitia kwako: Februari 2008 tangazo la njia lililotoka Pakistani lilivuta data iliyokuwa ikienda YouTube kutoka sehemu kubwa ya dunia kwa takriban saa mbili.

Ukimaliza kusanidi, usiondoke bila kujaribu. Ngoja Jumamosi jioni, acha pingi (ujumbe mfupi unaotumwa tena na tena kupima kama upande wa pili unajibu) ikimbie, kisha chomoa uzi wa faiba wenyewe katikati ya vigeuzi, si waya unaoingia kwenye ruta. Pale tawini nilipoteza pingi 37, ya 38 ikajibu kwa redio.