Mnada wetu wa Jumapili msiuguse

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Swali la wiki hii mmeuliza ni kitu gani kwenye ibada ya kanisani kwenu usingekubali kiondolewe, mimi jibu langu ni mnada wa sadaka, ule wa kuuza vitu vilivyotolewa ibada ikiisha.

Nasali mtaa mdogo, yaani tawi la usharika, wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) huku Kilimanjaro, juu kabisa migombani, Jumapili ya kawaida tukijaa sana ni watu kama 60 hivi na hapo nimehesabu na watoto wa sande skuli. Mchungaji ana mitaa mingine ya kuhudumia kwa hiyo kwetu anafika mara moja kwa mwezi, tunapata Chakula cha Bwana, siku zilizobaki anaongoza mwinjilisti. Kengele yetu ni rimu ya gari imening'inizwa kwenye mti, mzee mmoja anaigonga kwa kipande cha nondo, na mvua ikishuka kwenye bati mahubiri yanasimama tunaimba mpaka ipungue.

Sasa kwa asiyejua, sadaka kwetu siyo hela tu. Asiye na hela analeta alichonacho, mkungu wa ndizi, parachichi, maziwa kwenye chupa, kuku kafungwa miguu, hata mzigo wa majani ya ng'ombe nimeshauona, vyote vinaombewa pamoja na za bahasha alafu ibada ikiisha tunatoka tukiimba tunasimama duara pale nje, mzee wa kanisa anashika kitu kimoja kimoja juu, elfu moja, elfu moja mia tano, elfu mbili mara ya kwanza, na hapo ndo utajua nani yupo na nani hayupo, nani anaumwa, mtoto wa nani kafaulu. Mama yangu anasema zamani ilikuwa kahawa, watu wakivuna wanaleta debe zima, bei ilivyoshuka wengi wakang'oa mibuni ndo ikabaki ndizi na maziwa na siku hizi parachichi. Yani ukiangalia kilichopo kwenye mnada unajua shamba linatoa nini mwaka huo.

Kuna bibi mmoja mjane, kila Jumapili analeta mayai mawili kafunga kwenye kona ya khanga. Anafungua lile fundo taratibu sana, vidole vimekakamaa, anayaweka mbele kwa mikono miwili. Mayai mawili dukani ni hela ndogo, lakini sijawahi kuona yanauzwa chini ya elfu tatu, na mara nyingi aliyenunua anasema mrudishieni bibi akale, bibi naye anacheka anakataa, anasema nilishampa Mungu hayo. Huyu bibi angepewa bahasha angeweka nini ndani?

Mwaka juzi mama alianguka akavunjika nyonga, hospitali wakataka hela ambayo mimi na wadogo zangu hatukuwa nayo yote. Sikumwomba mtu. Jumapili hiyo mwinjilisti akasema tu tunaye mama yetu yuko wodini, basi mnadani akaletwa jogoo mmoja mwekundu, akanunuliwa elfu kumi na tano, mnunuzi akasema rudisha uza tena, akanunuliwa tena, rudisha, tena, mpaka jogoo kauzwa mara saba, vijana walioko Dar wamepigiwa WhatsApp video wanapandisha bei wakiwa huko huko na M-Pesa zinaingia. Nilisimama pale nalia mbele za watu wala sikuona aibu. Jogoo mwenyewe mwisho akapelekwa kwa mama awe supu.

Naandika haya kwa sababu kuna mazungumzo kwamba mnada unarefusha ibada, eti siyo wa kisasa, afadhali kila mtu atoe bahasha au atume kwa simu amalize. Nawaelewa, wengine wana safari na wengine wameacha ng'ombe hawajala. Na nikiri kabisa mnada wa Desemba sio huu ninaousifia, watu wakishuka kutoka mijini kanisa linafurika mpaka nje, anatokea mtu anapandisha mkungu mmoja mpaka laki moja huku anaangalia nani kamwona, na jirani mwenye elfu mbili yake anarudi nyuma ya duara kimya. Hilo linaniumiza, na ningependa wazee wa kanisa walisemee. Lakini ikifika katikati ya Januari tumebaki sisi 60 wetu na mambo yanarudi palepale.

Bahasha ni nzuri, mimi pia ninayo ya ahadi na naitoa. Ila bahasha haijui kwamba fulani leo kaleta ndizi mbichi kabisa kwa sababu upepo umeangusha mgomba wake, wakati pale kwenye duara kila mtu anaona na jioni kuna mtu atapita kwake kumjulia hali. Kama shida ni muda basi wapunguze matangazo, kuna Jumapili yanazidi nusu saa na mengi tulishayasikia Jumamosi kwenye jumuiya, kile kikundi cha sala cha majirani.

Mimi hapa nyuma ya nyumba nina mkungu wa ndizi za mshare umeshakomaa, nimeshamwambia kijana aukate Jumamosi jioni.