config.h ya laptopu yangu kwenye bodi ya mteja

Kaunta ilikuwa inapanda vizuri mpaka inakaribia gigabaiti 4, halafu inarudi sifuri. Programu yenyewe ni ndogo, ya C. Inahesabu baiti zinazopita kwenye mtandao wa ofisi ya mteja, na inakaa kwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja, yenye prosesa ya ARM) yenye Linux ya biti 32. Kwenye laptopu yangu ya biti 64 ilihesabu mamia ya gigabaiti bila shida. Nikashuku umeme, nikashuku kebo, nikabadilisha hadi kadi ya SD. Wiki mbili zikaenda hivyo.

Kumbe mchawi ni config.h, faili linaloueleza msimbo sifa za mashine, na aliyeliingiza kwenye Git (hifadhi ya msimbo wa mradi) ni mimi mwenyewe.

Ukiendesha ./configure, skripti ya kuandaa mradi kabla ya kukompaili, inaihoji mashine: long (aina ya namba nzima katika C) ina baiti ngapi, kitendakazi fulani kipo kwenye maktaba ya C au hakipo, na mengine kibao. Majibu inayaandika ndani ya config.h. La kwangu lilikuwa na mstari huu:

#define SIZEOF_LONG 8

Ni kweli kabisa kwa Linux ya x86-64, yaani prosesa ya laptopu yangu. Kwenye ARM ya biti 32, long ni baiti 4. Msimbo wetu ulisema: SIZEOF_LONG ikiwa 8, kaunta iwe unsigned long, ikiwa si 8, iwe unsigned long long (yenye baiti 8 kwenye mashine zote mbili). Na kwa uvivu wangu, skripti ya kukompaili ilikuwa inairuka configure ikikuta config.h lipo tayari. Basi kule kwenye bodi kaunta ikapewa biti 32, ikafika 4,294,967,295 ikaanza upya. Kompaila haikunung'unika. Imedanganywa, ikaamini.

Kwa hiyo mafaili yote yanayozaliwa na configure (config.h, config.status, Makefile) yaandike kwenye .gitignore, orodha ya mafaili ambayo Git inayapuuza, leo. Kisha usikompaili ndani ya folda ya chanzo. Kila aina ya prosesa iwe na folda yake, mimi nina build-x86 na build-arm, na ndani ya hiyo ya pili naandika hivi (--host ni aina ya mashine itakayoendesha programu):

../configure --host=arm-linux-gnueabihf

Kuna mtego hapa. Ukiandika #include "config.h" kwa alama za nukuu, kompaila inaanza kutafuta kwenye folda ya faili linaloomba. Likiwepo config.h kuukuu lililosahaulika huko, ndilo litakaloshika. Andika #include <config.h>.

Mtego mwingine ni maswali yasiyojibika bila kuendesha programu. Programu ya ARM haiendeshwi hivi hivi kwenye x86, kwa hiyo configure inakisia, na mara nyingi inakisia baya. Ukiwahi kuona kiunganishi (linker, kinachounganisha vipande vilivyokompailiwa) kinalia undefined reference to rpl_malloc, wakati hujawahi kuandika kitu cha jina hilo maishani mwako, ndiyo hiyo: configure haikuweza kuijaribu malloc (kitendakazi cha kuomba kumbukumbu), ikaihesabu mbovu. Nimeweka faili dogo liitwalo arm.site, lina mstari mmoja unaoiambia configure kwamba malloc iko sawa:

ac_cv_func_malloc_0_nonnull=yes

Kisha naanzisha configure kwa CONFIG_SITE=../arm.site mbele yake. Faili hili nimeliandika kwa mkono baada ya kuhakikisha jibu kwenye bodi yenyewe, kwa hiyo lenyewe linakaa kwenye Git.

Mradi wa zamani ukikataa jina aarch64 (ARM ya biti 64), usihangaike na kompaila. config.sub yake, skripti inayotambua majina ya mashine, ni ya kale tu; autoreconf -fi, inayozalisha upya skripti hizo, mara nyingi inatosha.

Kitu cha mwisho nilichoongeza ni mstari mmoja juu ya faili la kaunta, unaoisimamisha kompaila kama sharti si kweli:

_Static_assert(sizeof(long) == SIZEOF_LONG, "config.h si ya mashine hii");

Nikajaribu kurudisha lile config.h la zamani makusudi. Safari hii ujenzi ulikwama hapo hapo, kabla hata faili la pili halijaguswa.