Kompresheni iko sawa, mbona gari linakula oili?

Swali: Nina Toyota Premio yenye injini ya 1ZZ, lita 1.8. Inamaliza lita 1 ya oili kila kilomita 1,200, na nikikanyaga mafuta kupanda mlima inatoa moshi wa bluu. Kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) imesoma psi 175, 170, 175 na 170. Fundi akasema ringi za pistoni ni nzima, akabadilisha vali sili (mipira inayozuia oili kupita kwenye vali). Moshi uko palepale.

Jibu: Ndugu, geji imesema kweli, ila haipimi ringi zote. Pistoni ina ringi 3. Mbili za juu ndizo zinazoshika kompresheni. Ya chini kazi yake ni kukwangua oili ukutani mwa silinda na kuirudisha kwenye sampu (beseni la oili chini ya injini) kupitia vitundu vilivyo nyuma yake. Kwenye 1ZZ za mwanzo vitundu hivyo ni vichache na vidogo. Oili ikichelewa kumwagwa, masizi huviziba na ringi hunata. Oili inapanda, huku geji ikisoma vizuri.

Vali sili zilizochoka hutoa moshi unapowasha asubuhi, au unapokanyaga mafuta baada ya mteremko mrefu. Moshi wa mlimani, injini ikibeba mzigo, nauelekeza kwenye ringi.

Anza na vali ya PCV, inayotoa gesi za ndani ya injini kwenda kwenye njia ya hewa; iko kwenye kava la juu. Ichomoe uipulize: hewa ipite kutokea upande wa injini tu. Imekwama? Weka mpya.

Kisha toa plagi. Oili kwenye mwili wa plagi, juu ya nyuzi, ni mipira ya kava inayovuja. Masizi meusi yenye unyevu kwenye ncha ndiyo yanayotoka ndani. Ukipata kamera ndogo, chungulia: pistoni nyeusi katikati lakini ukingo umeoshwa hadi unang'aa, oili inapita pembeni.

Jaribu kwanza kuloweka. Weka pistoni zote katikati ya mwendo, mimina dawa ya kuyeyusha masizi takriban ml 30 kila silinda, acha usiku kucha. Asubuhi zima koili na injekta, funika matundu ya plagi kwa kitambaa, piga stata plagi zikiwa nje. Ukizirudisha mapema, dawa iliyobaki ndani haigandamiziki, na koneksheni rodi (mkono unaoshika pistoni) itapinda. Badilisha oili na filta hapohapo.

Ukiona bado inakula oili baada ya kilomita 1,000, fungua injini. Usifunge ringi mpya kwenye pistoni zilezile bila kuzibua vitundu; bora pistoni za toleo la baadaye, zenye vitundu vingi zaidi. Silinda, ambayo kipenyo chake ni mm 79, ipimwe juu, kati na chini kabla ya kununua chochote.

Kwa sasa chomoa kijiti cha oili kila unapojaza mafuta. Injini hii hubeba takriban lita 4 tu, na ikipungua sana bearing ndizo zinazokufa.